Pistoni Imechoka: Uibadilishe Sasa au Usubiri?



Leo naacha kidogo habari za migomba na kahawa. Ndani ya mwezi mmoja nimesimamishwa njiani hapa Mwika mara tatu kwa swali lilelile: "Bwana shamba, fundi ameniambia nibadilishe pistoni. Ni kweli, au ananila hela?" Wa kwanza ana pikipiki ya zamani ya DT. Wa pili ana chensoo ya kupasulia mbao. Wa tatu ni mama anayelima nyanya, ana bomba la mota la kupulizia dawa. Mashine ni tatu lakini injini ni za aina moja: tu-stroki, ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Kwa hiyo jibu linakaribia kuwa moja, na nimeona niliandike hapa lisomwe na wengi.

Swali hili nalifahamu vizuri kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya, na aliyeumia hakuwa mimi.

Kilichonipata

Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa ugani. Hii ninayoisimulia si ya serikali. Ni yangu mwenyewe, Yamaha DT 125 niliyoinunua kwenye mnada wa mradi uliofungwa. Imebeba mbegu, imebeba dawa za mifugo, imewapeleka watoto wangu shule. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Februari, ikaanza kuchoka. Asubuhi inagoma mpaka nipige kiki kumi. Nikipanda kutoka Himo na abiria, nalazimika kurudi gia ya pili mahali ambapo zamani nilipita kwa gia ya tatu. Na ikiwa baridi inatoa mlio wa kugongagonga kama kijiko ndani ya sufuria.

Fundi akafungua, akaniita niangalie. Pistoni ilikuwa na mikwaruzo upande wa mbele. Akasema, "Mangi, hii ni pistoni mpya, na bloku ikachongwe Moshi." Nikamuuliza bei, nikanyamaza. Mtoto alikuwa anasubiri ada. Masika yalikuwa yanakaribia na mbegu ya mahindi ya shamba la tambarare sijanunua. Moyoni nikasema, huyu ananila hela. Nikamwambia aweke ringi peke yake, na ile mikwaruzo aisugue na msasa. Akaguna, akafanya nilivyotaka.

Ilitembea vizuri siku tisa. Siku ya kumi nilimpakia jirani yangu, mzee ambaye sote tunamwita Meku, tukashuka Himo kutafuta mbegu. Baada ya Marangu Mtoni mteremko ni mrefu. Nilifunga mafuta, nikaacha gia ya tatu ishike mwendo. Katikati ya mteremko injini ikajamu. Gurudumu la nyuma likasimama kabisa, tukateleza, tukaanguka kando ya lami. Mimi nilichunika goti. Meku alitanguliza mkono, akavunjika kifundo.

Wiki sita mkono wake ulikaa kwenye plasta, na ndizo wiki za kupanda. Hospitali nililipa mimi. Vibarua wa kupanda mahindi yake nililipa mimi, na bado yalipandwa kwa kuchelewa. Gari la kubeba pikipiki nililipa. Halafu, baada ya hayo yote, nikanunua pistoni na kuchonga bloku vilevile, tena kwa saizi kubwa zaidi kwa sababu mikwaruzo ilikuwa imezama.

Nimetafakari sana jambo hili. Fundi alikuwa sahihi, lakini hakuwa na kipimo cha kunionyesha. Mimi nilikuwa na shaka, lakini sikuomba kipimo. Tulibishana kwa macho na kwa maneno, na mwenye pesa akashinda. Ndiyo maana nasema: usiamue kwa mlio, kwa bei, wala kwa neno la fundi peke yake. Pima, tafuta sababu, ndipo uamue. Kipimo kinamlinda mwenye pikipiki dhidi ya fundi mwongo, na kinamlinda fundi mkweli dhidi ya mteja kama mimi.

Usidanganywe na moshi wala mlima

Pikipiki nyingi za bodaboda ni fo-stroki. Hizo zikitoa moshi wa bluu, ringi au sili za valvu zimechoka. Tu-stroki huunguza oili kila siku, kwa hiyo moshi kidogo si ugonjwa.

Mlima nao unadanganya. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Kama chombo chako kinavuta vizuri Kahe na kinalegea kidogo ukifika Mwika, hiyo ni kawaida yake. Linganisha barabara ileile na mzigo uleule: mwezi huu na miezi sita iliyopita.

Kabla ya kuishuku pistoni, ondoa kwanza vitu vya bei rahisi: plagi chafu, chujio la hewa lililojaa vumbi, na bomba la moshi lililoziba kwa masizi. Bomba la tu-stroki likiziba injini inakosa nguvu kama vile pistoni imekufa, na dawa yake ni kulisafisha tu.

Uchunguzi usio na gharama

Kwanza, kiki. Injini ikiwa imezimwa, simama juu ya kiki kwa uzito wako, taratibu. Injini nzima hukushikilia kidogo kabla ya kushuka. Iliyochoka inashuka moja kwa moja kama baiskeli isiyo na mnyororo. Fundi mwenye geji ya kompresheni akuwekee. Kwa pikipiki za aina hii, geji ikisoma chini ya 100 (kwa kipimo cha psi) anza kupanga fedha.

Pili, fungua bomba la moshi pale linapoungana na injini. Mulika tochi ndani ya tundu huku ukisukuma kiki kwa mkono polepole. Utaiona pistoni na ringi zake zikipita. Pistoni njema inang'aa taratibu pande zake. Mikwaruzo ya kwenda juu na chini ni mbaya. Rangi ya kahawia iliyoungua chini ya ringi ina maana moto unapenya pembeni, yaani ringi hazizibi tena.

Hayo mawili hayahitaji hata gasketi mpya. Yakiwa mazuri, funga urudi shambani.

Ukishafungua, pima

Kipimo muhimu ni fila geji, zile bamba nyembamba za kupimia mwanya. Fundi asiyekuwa nazo mtafutie mwingine.

Toa ringi kwenye pistoni, iingize yenyewe ndani ya bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa. Pima mwanya kati ya ncha zake mbili. Kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata, lakini kwa pistoni ya ukubwa wa DT 125, yenye kipenyo cha milimita 56, ringi mpya huwa na mwanya wa karibu milimita 0.2 hadi 0.4. Ikifika 0.7 au 0.8, imekwisha.

Sasa pima bloku kwa ringi hiyohiyo. Iweke juu kabisa, mahali ambapo pistoni haisugui, upime mwanya. Ishushe mpaka juu kidogo ya tundu la moshi, mahali panapolika zaidi, upime tena. Gawanya tofauti kwa 3.14. Mfano: juu umepata 0.4, chini umepata 0.7. Tofauti ni 0.3. Ukigawanya unapata karibu 0.1, yaani bloku imepanuka sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa bloku ndogo kama hii, hapo imefika mwisho na inatakiwa kuchongwa. Ukiweka ringi mpya katika bloku ya namna hiyo, ni kama kuziba gunia lililochanika chini kwa kukaza kamba juu.

Pitisha pia ukucha ndani ya bloku. Mkwaruzo unaouona lakini ukucha haukwami si neno. Unaokwamisha ukucha hautoki kwa msasa. Mimi nilijaribu.

Mwisho, shika konrodi, isukume juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi ya krenki imekwisha. Usinunue pistoni kabla ya kulitatua hilo, maana unaweka paa jipya juu ya nyumba yenye msingi uliooza.

Pistoni inasema kilichoiua

Hapa ndipo nilipokosea zaidi. Usitupe pistoni ya zamani kabla ya kuisoma.

- Imelika au kukwaruzika upande wa nyuma, wa kabureta: ni vumbi. Chujio limechanika au halikupakwa oili. Vumbi la tambarare wakati wa kiangazi ni laini kama unga, linapita kwenye tundu dogo sana.
- Imekwaruzika upande wa mbele, wa bomba la moshi: oili ni kidogo au joto limezidi.
- Imekwaruzika pembe nne kuzunguka: ilibanwa. Bloku ilichongwa ndogo mno, au injini mpya iliendeshwa kwa nguvu kabla ya kupata moto.
- Plagi nyeupe na kichwa cha pistoni kimeungua: hewa inaingia isipotakiwa. Angalia sili za krenki na mpira wa kabureta.

Yangu ilikwaruzika mbele. Ilikuwa inaniambia inakosa oili, nami nikaipa ringi. DT hutoka kiwandani na pampu ndogo ya oili, lakini yangu ilikuwa imeondolewa kabla sijainunua, hivyo nilikuwa nachanganya mwenyewe. Nilichanganya kwa macho, kwenye chupa ya maji, na mara nyingine kwa oili ya gari. Ukichanganya, tumia oili ya tu-stroki na kipimo kilichoandikwa kwenye kopo au kitabu. Kwa mfano, moja kwa ishirini na tano ni mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli. Bomba la sindano la duka la dawa za mifugo linapima vizuri kuliko jicho langu na lako.

Sasa amua

1. Mwanya wa ringi ni mzuri, pistoni safi, bloku safi: usibadilishe kitu. Safisha, weka gasketi mpya, funga.
2. Ringi zimekwisha, lakini pistoni haina mikwaruzo na bloku iko ndani ya kipimo: ringi peke yake zinatosha.
3. Pistoni ina mikwaruzo au inacheza ndani ya bloku, lakini bloku bado nzuri: badilisha pistoni, ringi, pini na beringi yake ndogo, kwa saizi ileile.
4. Bloku imepanuka au ukucha unakwama: chonga, weka pistoni ya ovasaizi. Usijaribu njia ya mkato.
5. Krenki inacheza, au bloku imeshachongwa mpaka saizi ya mwisho: kaa chini na familia. Ovahoo ya injini nzima na kubadilisha chombo ni hesabu mbili za kulinganisha, na moyo usiruhusiwe kupiga kura peke yake.

Angalia namba iliyogongwa juu ya pistoni. Ukikuta 0.25 au 0.50, bloku imeshachongwa kabla yako. Mwenye chensoo na bomba la mota ajue kwamba bloku nyingi za mashine hizo zina mpako mgumu ndani na hazichongwi. Zikikwaruzika hubadilishwa pamoja na pistoni.

Katika hesabu yako usiandike bei ya spea tu. Andika na siku za kukaa bila chombo. Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa ndizi, na kila siku ya soko pikipiki inakuingizia faida ya shilingi 15,000. Ikikufia wiki ya biashara nzuri ukakosa masoko manne, ni 60,000 zimekwenda, na spea bado unanunua. Ukiifungua kwa hiari yako wakati shughuli zimepoa, unakosa soko moja. Sisi wa Mwika Januari na mwanzo wa Februari unafaa: njia kavu, mbegu za masika bado. Tatizo ni kwamba wakati huo ndio wa ada. Kwa hiyo fedha ya pistoni itengwe mapema, kahawa inapouzwa, kama unavyotenga fedha ya mbolea.

Kununua na kuchonga

Nunua pistoni kwanza, ndipo upeleke bloku na pistoni pamoja kwa mkerezaji Moshi. Bloku huchongwa kufuata pistoni iliyopo mezani. Ukichonga kwanza ukakuta saizi hiyo haipo madukani, umeharibu bloku. Mwambie alainishe kingo za matundu ndani ya bloku, kwa sababu kingo kali hukata ringi. Bloku ikirudi ioshwe kwa maji ya moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ipakwe oili palepale isishike kutu. Wakati wa kufunga, mshale ulio juu ya pistoni ya DT uelekee bomba la moshi, na ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake. Simama uone hayo mawili kwa macho yako, na fundi mzuri hatakasirika.

Kisha ilee. Matangi mawili ya kwanza usibebe mzigo wa kupandisha mlima na usikamue mafuta mpaka mwisho. Iache ipate moto kidogo kabla ya kuondoka.

Neno kwa wanaoshuka milima

Kwenye tu-stroki ya kuchanganya, oili inaingia pamoja na petroli. Ukifunga mafuta kwenye mteremko mrefu, injini inazungushwa kwa kasi na gurudumu huku petroli inayoingia ni kidogo, na oili nayo ni kidogo. Ndivyo nilivyoiua yangu pale chini ya Marangu. Ukishuka, kila baada ya muda kamata klachi, pandisha mafuta kidogo, kisha endelea. Mwendo upunguze kwa breki pia, usiuachie injini yote. Na ukisikia injini inazubaa ghafla kama inayoshikwa, kamata klachi papo hapo. Klachi ikikamatwa, gurudumu linakuwa huru na unasimama salama. Laiti siku ile vidole vyangu vingekuwa juu ya klachi, Meku angepanda mahindi yake mwenyewe.

Pikipiki bado ninayo. Kwenye daftari la shamba nimeandika tarehe niliyochonga, saizi ya pistoni, na mwanya wa ringi siku ile. Kila Januari nafungua bomba la moshi, namulika, naandika. Mwaka huu mwanya wa kuibadilisha haujafika, lakini fedha yake ipo tayari imekaa pembeni.

Meku alipona, ila kifundo kinamuuma wakati wa baridi ya Julai. Bado anapanda nyuma yangu. Kabla hajainua mguu huuliza, "Mangi, umeipima?" Nami sipigi kiki mpaka nimemjibu.

Ukiwa na pistoni yako ya zamani na hujui inasemaje, ije nayo siku ya soko tuitazame pamoja. Usiisugue kwanza.